Yowe Lililozunguka Ghuba

Vijana mliochaguliwa juzi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, nimewaachia madaftari matatu, filimbi mbili, machela moja ambayo mguu wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na ufunguo. Madaftari mtayasoma wenyewe. Filimbi haihitaji elimu. Machela mtaijua siku mtakapombeba mama mjamzito kwenye mteremko wa mawe, huku mumewe akiwafokea namna ya kutembea. Mimi nataka kuwaambia habari ya ufunguo.

Najua mnacheka nikisema nimestaafu. Mvi sina, na mshahara sikuwahi kuwa nao, sembuse pensheni. Lakini miaka kumi na miwili ya ukatibu wa ulinzi shirikishi inatosha. Niliianza mwaka uleule niliotoka chuo kikuu, nikarudi nyumbani kusubiri ajira ambayo mpaka leo iko njiani. Kijiji kikanipa jina: Digrii. Msidhani lilikuwa la heshima. Mtu akimwaga njiani usipa, vile vidagaa vyetu vya ziwani, utasikia, "Mwiteni Digrii aje aulize kwa nini." Ni kweli nilikuwa nauliza. Kwa nini mtuhumiwa anafungwa kamba kabla ya kuulizwa jina lake? Kwa nini mgambo hawapendi kuandikwa nani alikuwa zamu? Na kwa nini yowe likipigwa watu wanakimbia kabla ya kujua wanakimbilia nini?

Swali hilo la mwisho nilimpelekea Mzee Alfeyo, mchonga mitumbwi, aliyekuwa katibu kabla yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Iweke chini, usikilize."

Akanieleza. Kituo cha polisi ni mwendo wa saa mbili kwa gari, na hiyo ni baada ya gari kupatikana. Kwa hiyo hapa ziwani mtu akizama, nyumba ikishika moto, mamba akionekana walipo wafuaji, chombo chetu ni koo. Anayeona anapiga yowe. Anayesikia analipiga na yeye ili jirani alisikie, ndipo anakimbia kule lilikotokea.

"Yowe haliulizwi," akasema. "Linaitikiwa. Maswali utauliza ukifika, ukiwa unahema kama wenzako."

"Na likiwa la uongo?"

"Utakuwa umefanya mazoezi."

Sikumwamini. Mwaka huohuo nikaanzisha kundi la WhatsApp la dharura, nikawaambia koo ni teknolojia ya zamani. Mtandao wakati ule ulikuwa unapatikana juu ya jiwe moja tu, nyuma ya kanisa. Jiko la shemeji yangu likawaka moto. Akapanda jiwe, akatuma ujumbe. Watu kumi na saba wakajibu kwa picha za mikono ya kusali. Jiko likaisha lote. Mzee Alfeyo alipoonyeshwa ile simu aliikodolea macho muda mrefu, kisha akauliza, "Katika mikono yote hii, hamna uliobeba ndoo?"

Basi yowe likabaki, na mimi nikajifunza kulipiga. Halipigwi kwa kifua kama mnavyofanya nyinyi kwenye mpira. Unalitoa juu, kwa sauti nyembamba, mara mbili, ya pili ndefu kuliko ya kwanza. Maneno usiweke. Maneno hayafiki mbali.

Sasa ufunguo. Mnalijua ghala la mawe lililopo kitongoji cha Mwambani, kwenye ncha ya miamba, peke yake, mbali kidogo na nyumba. Walilijenga wafanyabiashara wa zamani. Kuta zake ni nene kiasi kwamba ukiegemea ndani husikii gari likipita nje. Mlango wa mbao nzito unatazama barabarani. Wakati ninaousimulia, tundu la hewa lilikuwa moja tu, lenye nondo, upande wa ziwani. Kijiji kilikuwa kinalitumia kama mahabusu, mtu akae humo mpaka usafiri wa kumpeleka polisi upatikane.

Humo ndimo kijana mmoja aliwahi kupigwa kwa kosa la kuiba nyavu, na nyavu zikaja kuonekana chini ya kitanda cha yuleyule aliyemshtaki. Baada ya hapo nilisimama kwenye mkutano nikatetea pendekezo langu mpaka watu wakachoka: kila asubuhi, raia ambaye si mgambo afungue chumba, aone nani yumo, amuulize kama amekula na kama amepigwa, aandike, asaini. Likapita. Raia huyo nikawa mimi. Kumbukeni kwamba pendekezo lilikuwa langu.

Mkuu wa mgambo alikuwa Afande Kandidi, mtu wa milimani, mpole kuliko mnavyodhani. Ufunguo ulikuwa mmoja, naye ndiye aliyeushika.

Ilikuwa zile wiki za kabla ya mvua, ziwa linapolala mpaka unaona mawe ya chini. Jumanne saa mbili asubuhi nilifika ghalani nikamkuta Stani, msaidizi wa Kandidi, ameketi kizingitini anakula muhogo wa kuchemsha.

"Dada Katibu, leo hukagui. Afande kapanda kwao Mbinga alfajiri, kafiwa na baba yake. Ufunguo kaondoka nao mfukoni."

"Masikini. Ndani kuna mtu?"

"Mtu gani? Kitupu. Angekuwemo mtu, mimi si ningeambiwa nimlishe?"

Ilikuwa hoja nzuri. Sisi tuliosoma tunapenda hoja nzuri. Niliandika *chumba kitupu*, nikasaini, Stani akanimegea muhogo.

Saa tatu likaja yowe. Mwambani tulilisikia kutoka Mchangani, kitongoji cha katikati ya ghuba, kwa akina mama wanaoanika usipa. Tukalipiga, tukakimbia. Tulipofika Mchangani wao walikuwa wameshaondoka, wanakimbilia mbele, maana walilisikia kutoka Ng'ambo, kitongoji cha upande wa pili wa ghuba. Tukaizunguka ghuba yote kwa miguu. Pale Ng'ambo tuliwakuta watu wamesimama ufukweni, wanatazama maji.

"Limetoka wapi?"

"Ziwani."

Ziwani hapakuwa na kitu. Hapakuwa na mtumbwi wala ubao. Mbali sana, wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wameinuka kama nguzo za moshi, nguzo tatu, zinatembea taratibu kuelekea kaskazini. Tulihesabu mitumbwi, yote ilikuwa nchi kavu. Tukahesabu watu kaya kwa kaya, hakuna aliyepungua.

Daftari la mwito lina safu inayoitwa *Aliyeanza*. Nilimuuliza kila mtu: wewe ulilisikia kwa nani? Mwambani walisema Mchangani. Mchangani walisema Ng'ambo. Ng'ambo wakasema maji. Safu nikaiacha wazi. Watu walicheka kidogo, ile ya kujipa moyo, wakarudi kwenye kazi zao. Mzee mmoja akaniambia, "Haya, Digrii, liulize ziwa digrii yake."

Jumatano nilikuwa na haraka. Niliamini kuna mtu anatuchezea, na nilitaka nimkamate mdomo wake ukiwa wazi. Ghalani sikufika hata mlangoni. Nilimpungia Stani mkono kutoka barabarani, naye akapunga. Nikaandika *chumba kitupu* huku natembea. Kabla ya saa tatu nilikuwa Ng'ambo, nimesimama kwenye jiwe, nimewapa ziwa mgongo, natazama midomo ya watu. Kijiji karibu chote kilikuwa kimekuja. Wengine walibeba rozari. Muuza duka wetu alikuja na tasbihi yake, akasimama kando.

Likaja.

Nawaambia nilichokiona, na ninajua kuona si kuthibitisha. Nilitazama nyuso zaidi ya mia na hakuna mdomo uliofunguka. Sauti ilikuja kutoka nyuma yangu, juu ya maji, nyembamba, mara mbili, ya pili ndefu kuliko ya kwanza. Niliihisi kisogoni. Haikuwa na maneno. Ilipokatika, maji yalikuwa yametulia vilevile, na kunguru mmoja aliyekuwa anachokora mabaki ya usipa alikuwa ameacha kuchokora.

Kikatokea kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu nizaliwe. Yowe lilisikika na hakuna aliyelipokea.

"Itikieni!" Mzee Alfeyo alipaza sauti. "Itikieni, jamani, mna nini?"

Mama mmoja akamshika mkono. "Tumwitikie nani, mzee? Umemjua? Wako wangapi mle ndani hawakupatikana mpaka leo?"

Ndivyo neno hilo lilivyofika midomoni. Ni waliozama, walisema. Wamechoka kungoja, wanaita wenzao. Jioni ile hakuna aliyeingiza mtumbwi majini. Mimi niliyeuliza kila kitu sikuuliza kitu. Nilikaa na daftari magotini nikachora mishale, Mwambani, Mchangani, Ng'ambo, maji. Mishale ilikuwa sahihi yote na haikunisaidia.

Alhamisi tulisimama tena. Saa tatu ikafika, ikapita. Hakuna sauti. Mnaweza kudhani tulifurahi. Hapana. Tulikuwa tumesimama watu wote wale, tumeinamisha vichwa kidogo, kila mmoja anasikiliza, na ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko sauti. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa anabisha hodi ameacha, na hujui kama ameondoka.

Kando yangu aliketi Bibi Hilda juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Alikuwa mhudumu wa wodi hospitali miaka mingi, na macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Nilimsalimia, akanijibu, akaniuliza, "Leo amenyamaza?"

"Nani, bibi?"

"Huyo mwenye kiu."

"Umejuaje ana kiu?"

"Nimelala zamu wodini miaka yangu yote. Sauti ya mtu mwenye kiu naijua. Hukatika mwishoni hivi, kama kitambaa kinachochanika. Waliozama hawana kiu, mjukuu wangu. Wana maji tele."

"Basi yuko wapi?"

Wote waliowahi kunionyesha sauti ile ilikotoka walielekeza mkono chini, kwenye maji. Bibi Hilda hakuyaona maji. Aliinua mkono wake, akaunyoosha usawa wa bega, sawasawa, bila kuinamisha.

Niliufuata ule mkono. Ulivuka mawe ya ufukweni, ukavuka ghuba nzima, ukaishia Mwambani kwenye ncha ya miamba. Kwenye ukuta wa ghala. Kwenye tundu la hewa.

Siwezi kuwaambia nilikimbia vipi mpaka kwenye mtumbwi. Najua Mzee Alfeyo alishika kafi moja na mimi nyingine, na shoka lake la kuchongea lilikuwa miguuni. Tulivuka. Kadiri tulivyokaribia ndivyo lile tundu lilivyokuwa kubwa, jeusi, na tulipokuwa chini yake kabisa, niliona vidole vinne vimeshika nondo. Havikusogea. Niliita. Havikusogea.

Stani alikuwa mlangoni bado. Alipoona shoka akasimama.

"Mzee, hiyo ni mali ya serikali!"

"Na aliyemo ndani ni mali ya nani?"

"Hamna mtu humo! Dada Katibu, si umesaini mwenyewe kwamba kitupu?"

Hilo nililisikia vizuri. Shoka lilipiga bawaba mara sita.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, amesimama kwenye ndoo iliyopinduliwa, paji la uso limeegemea nondo. Alikuwa hai. Ndoo ile ilikuwa ya maji ya kudekia, ndiyo aliyokuwa amekunywa, na ndiyo yaliyomwokoa. Bibi Hilda alipofika kwa mtumbwi wa pili alitufukuza sote mlangoni, akamlowesha midomo kwa kitambaa, kisha kijiko, kisha kijiko, na kila tulipotaka kumpa kikombe alitupiga mikono.

Jina lake lilikuwa Fidelisi, ametoka Mpepai, milimani. Alikuwa na maradhi ya akili yanayokuja na kuondoka. Alishuka kumtafuta dada yake aliyeolewa ziwani. Jumatatu alasiri, sokoni, alikuwa anawashika wanawake mikono akiwauliza kwa Kimatengo, lugha ya milimani, kama wao ndio dada yake. Wakaogopa. Afande Kandidi akamweka ghalani apoe kidogo, akiwaza kumwandika jioni. Jioni ikaja simu ya msiba wa baba yake. Ni hivyo tu. Hakuna aliyepanga ubaya wowote. Akina mama watatu walimwona akipelekwa, kila mmoja akadhani ameshatolewa.

Kwenye mkutano wa kijiji, Kandidi alirudi akiwa bado na kitambaa cheusi cha msiba mkononi. Alisimama akasema neno moja: "Nilisahau." Hakuna aliyemzomea. Akavua kofia ya mgambo akaiweka mezani mwenyewe, na barua ikaenda wilayani. Kisha nikasimama mimi.

"Na Digrii naye alisahau?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Sikusahau," nikasema. "Sikuangalia."

Nilitaka kuacha kazi siku ile. Mzee Alfeyo alinikataza. Alisema anayejua mlango ulikosewa wapi ndiye aulinde. Ndipo kijiji kikanipa ufunguo mimi, na wa pili ukachongwa, akapewa Bibi Hilda, na mgambo hawajaushika tena peke yao. Tulitoboa dirisha upande wa barabara. Na mgeni anayehangaika kichwani hapelekwi tena ghalani. Anapelekwa barazani kwa Bibi Hilda, anakaa na watu wawili wasioshika fimbo, mmoja wao anayejua lugha yake, na uji. Bibi ametangulia sasa, lakini baraza lipo, na mwanawe anajua kukoroga.

Mtauliza kuhusu sauti, kwa sababu mmerithi ubaya wangu wa kuuliza. Niliijaribu. Mwezi uliofuata, siku ya utulivu, nilimweka Stani ndani apige yowe kwenye tundu, mimi nikasimama Ng'ambo. Asubuhi upepo hushuka milimani kwenda ziwani, unabeba sauti juu ya maji yaliyopoa, unaifikisha Ng'ambo nzimanzima, na Mwambani penyewe, nyuma ya zile kuta, hakisikiki kitu. Kwa hiyo yowe la Jumanne lilianzia kwetu, likavuka maji, likazunguka ghuba yote mdomo kwa mdomo, likaturudia sisi tuliokuwa karibu kuliko wote. Na sisi, kwa sababu tumefundishwa kukimbilia lilikotokea, tukakimbia kumwacha. Hilo nimelieleza, na ninaweza kulieleza tena mbele ya profesa yeyote.

Lakini siku mama yake alipokuja kumchukua, Fidelisi alikuwa ametulia, anazungumza Kiswahili kizuri tu. Nilimwomba msamaha, na nikamuuliza, kwa ajili ya daftari, alipiga yowe siku zipi.

"Jumanne," akasema. "Nilipiga mpaka nikatapika. Jumatano sauti haikuwepo. Nilifungua mdomo hivi, hewa tu."

"Una hakika? Ulikuwa na homa."

"Dada, nilikuwa nakuona. Ulisimama kwenye jiwe, umenipa mgongo."

Ni kweli nilimpa mgongo. Hakuna mwingine aliyesimama kwenye jiwe.

Bibi Hilda, aliyekuwa anamfungia viazi vya njiani, akasema bila kugeuka, "Andika hivyo hivyo, Digrii." Sikuandika. Mpaka leo najiambia ni homa, mgonjwa huchanganya siku. Inawezekana. Watu zaidi ya mia tulisikia kitu, na hilo nalo linawezekana.

Fidelisi alipopanda bodaboda nyuma ya mama yake, aligeuka akatuangalia tuliokuwa tumekuja kumuaga. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayetaka tu kueleweshwa jambo.

"Mlikuwa wengi sana pale ng'ambo," akasema. "Kijiji kizima. Siku zote tatu mlisimama mkaniangalia. Nikawa najiuliza, hawa wanangoja nini?"

Ufunguo upo kwenye msumari nyuma ya mlango wangu, njooni mchukue. Kesho asubuhi fungueni kwanza, ingieni ndani mpaka kwenye tundu, mtazame ng'ambo kama alivyotazama yeye, ndipo msaini. Na mkilifungua daftari la kwanza mtakuta safu ya *Aliyeanza* ya Jumanne nimeijaza kwa jina lake. Ya Jumatano iko wazi. Msiijaze.